AC Inayoangusha Breka: Kutafuta Kosa Hatua kwa Hatua

Breka ya AC ikianguka mara moja, pengine baada ya stima kukatika na kurudi ghafla, iinue uendelee na shughuli zako. Ikianguka tena, iache chini. Ikiwa kuna waya zilizogusana mahali, kila unapoiinua hupita mkondo wa mamia ya ampea kwa muda mfupi sana, na kinachoumia ni midomo ya breka yenyewe, bodi ya AC na koili za kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje. Kompresa ambayo ingepona kwa kubadilishwa kapasita, kopo dogo linaloisaidia mota kuwaka, hufa namna hiyo.

Kosa jingine, na hili ni baya zaidi, ni kuweka breka kubwa. Ya 20A inaanguka, mtu anaitoa anaweka ya 32A, na kweli AC inaunguruma bila kukatika. Lakini breka ile haikuwekwa kuilinda AC. Imewekwa kuulinda waya uliopita ukutani. Waya wa 2.5 mm² ukipitishwa 30A kwa saa kadhaa ndani ya paipu iliyozikwa kwenye plasta hupata moto, mpira wake hulainika, na breka ya 32A haina habari. Kwa hiyo kabla ya yote, soma namba iliyoandikwa kwenye breka, na fundi ailinganishe na waya unaotoka chini yake. Ukikuta 32A juu ya waya wa 2.5, kosa la kwanza umeshalipata.

Maelezo haya ni ya AC za mashine mbili, ya ndani na ya nje, za 9,000 hadi 24,000 BTU, ambazo ndizo zilizojaa hapa Mombasa, Nyali, Bamburi, Tudor na Kizingo. Mwishoni tumegusia AC za kontena, malori ya chakula na trela.

Kazi yako na kazi ya fundi

Kuangalia, kusikiliza, kusafisha filta, kuosha mashine ya nje ikiwa imezimwa: hayo ni yako. Kufungua kifuniko cha ndani cha sanduku la breka, kushika kapasita, kupima kompresa na chochote kinachohusu gesi ni kazi ya fundi, na wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Hata hivyo soma sehemu za fundi pia, maana ukijua kinachopaswa kupimwa huwezi kuuziwa kompresa usiyoihitaji.

Kuzima kwa rimoti si kuzima. Zima breka, zima na swichi ya AC iliyo ukutani, kisha hakikisha kwa mita kwamba hakuna volti kati ya laivu na nyutro, na kati ya laivu na athi (waya wa kinga unaokwenda ardhini). Testa ya bisibisi yenye kitaa usiitegemee kwa jambo hili. Mita nayo ijaribu kwanza mahali unapojua pana stima, usije ukaaminishwa na betri iliyokufa.

Hatua ya 1: ni breka ipi iliyoanguka?

Fungua mlango wa sanduku uangalie vizuri. Ikiwa iliyoanguka ni breka nyembamba ya AC, tatizo ni mkondo mkubwa: ama waya zimegusana, ama mashine inavuta kupita kiasi. Ikiwa ni ile pana yenye kibonye cha kujaribia, ELCB, na imezima nyumba nzima, hilo ni jambo jingine kabisa. ELCB ya 30 mA haijali AC inavuta ngapi. Inachotafuta ni umeme unaovuja kwenda athi. Hapo usipoteze muda na kapasita; nenda moja kwa moja kwenye maji, kutu, wadudu na kompresa iliyoanza kuvujisha umeme kwenye ganda lake la chuma.

Kuna hali ya tatu ambayo watu huichanganya na hizi. Breka haijaanguka, mashine ya ndani inapuliza, lakini ya nje inanguruma kidogo, inalia "tak", inanyamaza, na baada ya dakika chache inajaribu tena. Anayekata hapo ni mlinzi wa joto wa kompresa, swichi ndogo inayokata kompresa ikipata moto. Dawa yake utaipata kwenye hatua ya 4 na ya 6.

Hatua ya 2: inaanguka lini?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na fundi asiyekuuliza hivyo anabahatisha. Zima kila kitu, ngoja dakika kumi, kisha weka rimoti kwenye feni tupu, bila ubaridi. Inua breka. Shika saa.

Ikianguka papo hapo, hata kabla hujagusa rimoti, kuna waya zilizogusana au kifaa kilichoungua kwenye njia ya kuingia: waya uliogugunwa na panya, bodi iliyoungua, au, kwa AC ya inveta (ile inayopandisha na kushusha mwendo wa kompresa), vifaa vya umeme vya bodi ya nje. Ikivumilia kwenye feni, iache ifanye kazi dakika tano, halafu weka ubaridi na ushushe nyuzi hadi 18 ili kompresa ilazimike kuwaka. AC nyingi huchelewesha kompresa kwa takriban dakika tatu, usidhani imekwama.

Sasa sikiliza. Ikianguka wakati ule ule kompresa inapobofya, shuku koili iliyogusa chuma, au breka isiyofaa kuwashia mota. Ikinguruma kwa uzito sekunde tano hadi kumi na tano ndipo breka ikaanguka, kompresa inajaribu kuzunguka na imeshindwa: kapasita imekufa, volti iko chini, au imekwama kweli. Ikifanya kazi vizuri nusu saa kisha ikaanguka, mchana wa jua zaidi kuliko usiku, tatizo ni joto. Ama joto la mashine ya nje, ama joto la breka yenyewe. Na ikianguka siku za mvua tu, hasa masika ya Aprili na Mei, tafuta maji.

Andika ulichokiona kwenye karatasi, na namba za dakika. Fundi mzuri atakushukuru.

Hatua ya 3: breka na waya wake

Watu hukimbilia mashine ya nje wakati kosa liko ndani, juu ya mlango wa jikoni. Kwanza, je, laini hiyo ni ya AC peke yake? Nyumba nyingi za kupanga zimeunganishwa AC kwenye soketi za chumba, na mkaaji akichomeka pasi au birika breka inaanguka. Kompresa haina hatia hapo. AC yoyote yapasa kuwa na laini yake. Na isichomekwe kwa plagi ya 13A. Ile ya 9,000 BTU huweza kuvumilia, lakini pini hupata moto, soketi hugeuka kahawia, na mwisho huyeyuka.

Makadirio ya AC za kawaida zisizo za inveta, kwa 240V, ni haya:

- 9,000 BTU: huvuta karibu 4A
- 12,000 BTU: karibu 5A
- 18,000 BTU: 7.5 hadi 8A
- 24,000 BTU: 10 hadi 11A

Namba ya kweli ya AC yako iko kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Hiyo ndiyo ya kufuata. Waya wa 2.5 mm² na breka ya 20A hutosha hadi 18,000 BTU. Kwa 24,000 BTU weka waya wa 4 mm² na breka ya 25A, au 32A ikiwa njia ya waya inaruhusu.

Herufi iliyo mbele ya namba ya breka ina kazi yake. B20 hukata ghafla mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya 20A, yaani 60 hadi 100A. C20 husubiri mara 5 hadi 10, yaani 100 hadi 200A. Kompresa isiyo ya inveta huvuta mara nne hadi saba ya kawaida yake kwa kitambo kifupi inapowaka, kwa hiyo ya 24,000 BTU inaweza kugusa 60A na zaidi. Juu ya B16 au B20 itaanguka leo, kesho isianguke, na mwenye nyumba aseme ina jini. Kubadilisha B20 kwa C20 ni halali, ampea hazijabadilika, lakini fundi apime kwanza njia ya athi: kwa C20 ukinzani wa mzunguko mzima usizidi takriban omu 1.1, ama sivyo breka haitakata kwa haraka siku laivu itakapogusa chuma.

Kisha skrubu. Stima ikiwa imezimwa kwenye meni swichi, fundi ajaribu kukaza kila skrubu ya breka hiyo, ya nyutro yake, na za swichi ya ukutani. Skrubu iliyolegea hutoa joto, joto linapanda ndani ya breka, na breka hukata kwa sababu ya joto hilo hata kama mkondo ni mdogo. Dalili ni plastiki iliyopauka au kuwa nyeusi, waya uliokauka mpira nchani, na harufu. Pwani kuna jambo la ziada: shaba hupata kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, hivyo waya hukatwa nchani, huchunwa upya hadi shaba inayong'aa, ndipo hukazwa. Kukaza juu ya kutu hakusaidii.

Breka nayo huchoka. Ili kuihukumu kwa haki, tumia mita ya kubana. Bana waya mmoja tu, laivu au nyutro. Ukibana zote mbili pamoja mita itasoma sifuri. Ikiwa AC inavuta 6A bila kuzidi na breka ya 20A bado inaanguka, mashine iko sawa. Badilisha breka, ya aina na namba ile ile, yenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya kampuni inayokaa vizuri kwenye sanduku lako. Kumbuka pia kwamba breka hupimwa kiwandani kwa nyuzi 30. Sanduku lililo kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa nane mwezi wa Februari lina joto zaidi ya hapo, na breka humo hukata mapema kuliko namba yake.

Hatua ya 4: uchafu, chumvi, na joto la mashine ya nje

Mombasa hii ndiyo sababu kubwa ya breka ya AC kuanguka baada ya muda, na ndiyo unayoweza kuishughulikia mwenyewe. Mashine ya nje ipo kutupa joto la chumba. Mapezi yake yakiziba, joto halitoki, shinikizo la gesi hupanda, kompresa inasukuma kwa nguvu zaidi na ampea zinapanda nayo. AC ya 24,000 BTU iliyoandikwa 11A inaweza kufika 15 au 16A. Juu ya breka ya 16A iliyoko kwenye sanduku la moto, mwisho wake ni dakika ishirini. Kwa 12,000 BTU yenye breka ya 20A uchafu peke yake hauangushi breka. Mlinzi wa joto wa kompresa hukata kwanza. Ukiona 12,000 BTU yenye ampea za kawaida lakini breka inaanguka, rudi kwenye skrubu.

Pwani uchafu si vumbi tu. Mapezi ni alumini yaliyovishwa juu ya paipu za shaba, na metali hizi mbili zikipata unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Huanza kama unga mweupe, kisha mapezi hukatika ukiyagusa kwa kidole. Mashine inayotazama bahari Shanzu au Nyali hupigwa na upepo wa kusi miezi mingi ya mwaka, halafu kaskazi inakuja na joto lake. Mapezi yakiwa yameliwa zaidi ya robo, kuosha hakutarudisha kitu. Ni kondensa mpya (ile sehemu yenye mapezi) au mashine mpya, na mara nyingi hesabu inaangukia mashine mpya, yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga ya buluu au dhahabu, ifungwe upande wa nyumba ulioipa bahari mgongo.

Kuosha hufanyika hivi. Zima breka, ngoja dakika kumi. Fungua kifuniko cha juu na cha pembeni. Sanduku dogo la waya na bodi lifunike kwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ondoa majani, nywele na viota kwa mkono au brashi laini, ukifuata mwelekeo wa mapezi, wima. Kisha mwagilia maji kwa shinikizo la kawaida la mpira wa bustani, kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Pampu ya kuoshea gari inayalaza mapezi na kuziba kabisa.

Maji yawe ya baridi, na yawe matamu. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo majumba mengi ya hapa hutumia kwa usafi, yanaongeza ugonjwa ule ule unaoutibu. Kama mfereji hautoki, nunua mitungi ya maji. AC moja haizidi lita 40 hadi 60. Sabuni ya asidi ya kung'arisha iache, inakula alumini upesi. Acha ikauke saa moja kivulini au jua likipiga, ndipo uwashe. Karibu na ufuo tunapendekeza kumwagilia kila mwezi na kufungua kabisa kila miezi mitatu. Changamwe au Mikindani, mbali na mawimbi lakini karibu na vumbi la malori, kila miezi minne inatosha.

Halafu angalia nafasi. Nyuma ya mashine pawe na angalau sentimita 15 hadi 30 kutoka ukutani, na mbele yake pasiwe na kitu kwa nusu mita na zaidi. Vyumba vya biashara mjini vimepanga mashine nne juu ya kibaraza kimoja chenye wavu wa chuma, kila moja ikivuta joto la jirani yake. Hapo hata mashine mpya huangusha breka saa tisa mchana.

Feni ya nje izunguke kwa urahisi kwa kidole stima ikiwa imezimwa. Ikiwa nzito, beringi zimekwisha. Ikiwa nyepesi lakini haizunguki stima ikiwepo, kapasita yake ndogo, ya mikrofaradi 1.5 hadi 3, ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Hatua ya 5: volti ya stima

Jioni, watu wakirudi na kuwasha kila kitu, mitaa iliyo mwisho wa laini hushuka volti. Pima kwenye swichi ya AC kabla ya kuwasha, halafu wakati kompresa inapowaka. 225 hadi 245V ni sawa. Ikiwa 210 na inaporomoka hadi 180 kompresa ikianza, mota haipati nguvu ya kuzunguka, inasimama huku ikivuta, na breka inafanya wajibu wake. Ikiporomoka kwako tu na si kwa jirani, tafuta kiungo kilicholegea au waya mwembamba nyumbani mwako. Ikiwa mtaa mzima, ripoti Kenya Power.

Gadi ya AC, ile inayokata volti ikishuka au kupanda na kuchelewesha kurudi dakika tatu hadi nne, ni pesa iliyotumika vizuri. Kuchelewesha kuna sababu: stima ikikatika na kurudi mara moja, gesi ndani ya kompresa bado ina shinikizo upande mmoja, na mota haiwezi kuisukuma. Nunua ya ampea zinazozidi kiwango cha AC, si ile ndogo ya friji.

Hatua ya 6: kapasita (fundi)

Ikiwa kompresa inanguruma bila kuzunguka, anza hapa kabla ya kuitukana kompresa. Kapasita ni kopo la silinda lenye maandishi kama 35 µF 450V. AC za 12,000 BTU hutumia karibu 30 hadi 35, za 18,000 hutumia 40 hadi 50, za 24,000 hutumia 50 hadi 60. Nyingine zina pini tatu, kompresa na feni katika kopo moja.

Stima ikiwa imezimwa, toa chaji kwanza kwa rizista ya takriban omu 20,000 yenye waya zilizokingwa, kwa sekunde chache, kisha thibitisha kwa mita kuwa ni sifuri. Kugusanisha pini kwa bisibisi hutoa cheche na kuharibu kapasita nzima. Piga picha waya, zitoe, pima. Nyingi huruhusu tofauti ya asilimia 5: ya 35 ikisoma chini ya 33, badilisha. Ikiwa imevimba juu au inatoa mafuta, badilisha bila kupima. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile. Volti zinaweza kuzidi, zisipungue. Kuongeza mikrofaradi ili "ipate nguvu" huchoma koili ya kuwashia.

Hatua ya 7: kutenganisha, na kupima kompresa (fundi)

Breka ikianguka papo hapo, kata tatizo nusu kwa nusu. Ikiwa stima huingilia mashine ya ndani, zima, toa waya zinazokwenda nje, kila moja ifungwe tepu peke yake, na inua breka. Isipoanguka, kosa liko kwenye waya wa katikati au nje. Unganisha waya huo upande wa ndani tu, nje uwe umetolewa na kukingwa: ikianguka sasa, waya ndio mbaya. Ufuate kwa macho, hasa pale unapopita darini na penye kona ya bati, maana panya hupenda hapo. Mashine kubwa nyingi huingiziwa stima upande wa nje. Huko anza kwa kutoa waya wa kwenda ndani.

Ikibaki mashine ya nje, toa waya tatu za kompresa. Angalia pini zake kwanza: kifuniko chake mara nyingi huhifadhi mjusi aliyekauka au kundi la sisimizi, na kontakta pia. Mjusi mmoja kati ya laivu na chuma anatosha kuangusha breka. Kisha pima ukinzani kati ya pini, zikiwa zimetolewa. Kwa kompresa isiyo ya inveta, pini ni C (ya pamoja), R (ya kuendeshea) na S (ya kuwashia): kati ya R na C ndogo kuliko zote, S na C ya kati, R na S ni jumla ya hizo mbili. Mfano ni 2.5, 3.5 na 6. Jumla isipolingana, koili imeungana ndani au imekatika. Kwa inveta, pini U, V na W zitoe namba tatu sawa, ndogo, mara nyingi chini ya omu 3.

Sasa pima kila pini na paipu ya shaba iliyokwaruzwa rangi. Mita ya kawaida ikionyesha omu yoyote inayosomeka, kompresa imegusa chuma na kazi imekwisha. Isiposoma kitu bado si salama; tumia mega (kipima kinga ya waya) ya 500V, waya zote zikiwa zimetolewa kwenye bodi, maana mega itaua bodi ya inveta. Zaidi ya megaomu 2 tunaridhika. Chini ya 1, kuna uvujaji. Lakini ikiwa AC imelala wiki nyingi, gesi na mafuta yaliyotulia ndani hushusha kipimo. Ikipata joto kidogo pima tena kabla ya kutoa hukumu.

Inveta ina tahadhari yake. Bodi ya nje hubadilisha stima kuwa mkondo mnyoofu wa takriban 340V, na kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuzima. Ngoja dakika kumi, thibitisha kwa mita. Breka inayoanguka papo hapo bila kompresa kuunganishwa karibu kila mara ni varista, daraja la dayodi au moduli ya nguvu iliyoungua, na kwa hewa ya pwani, bodi isiyopakwa vanishi ya kinga haikai. Ukibadilisha bodi bila kupima kompresa, kompresa mbovu itaichoma mpya siku ile ile.

Gesi

Gesi ikizidi, au hewa ikibaki ndani kwa sababu fundi hakutumia pampu ya vakyumu, shinikizo hupanda na ampea hupanda, sawa na mashine chafu. Ndiyo maana AC iliyoanza kuangusha breka wiki moja baada ya "kuongezwa gesi" inajulikana ilipoharibikia. Gesi huongezwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Upande wa kuvuta, R22 husoma takriban psi 65 hadi 75, R410A psi 110 hadi 130 au zaidi kidogo siku za joto. R32 hushika moto. Asije fundi na sigara wala kuchomelea paipu isiyotolewa gesi.

Maji na ELCB

Ikianguka siku za mvua au ni ELCB, fungua kifuniko cha ndani uangalie kama paipu ya maji imeziba na maji yanadondokea bodi. Pua ya paipu hiyo huziba kwa ute wa kijani. Ipulize au imiminie maji ya uvuguvugu. Nje, tazama tundu la ukutani: waya ukiingia kwa kushuka moja kwa moja, mvua hufuata waya hadi kwenye viungo. Upinde chini kwanza, kisha upande, na tundu lizibwe.

Kontena, lori la chakula na trela

Hapa mara nyingi kinachouma ni waya wa kuvutia. Waya wa 1.5 mm² hupoteza takriban milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita. Mita 30 na mkondo wa kuwashia wa 30A ni volti 26 zimepotea njiani. Stima ya 205 inafika 179. Tumia 2.5 au 4 mm², na usiuache umeviringwa kwenye kigurudumu chake, unapata moto na kuyeyuka. Jenereta iwe na nguvu ya kubeba kuwashia: AC ya 12,000 BTU isiyo ya inveta, inayovuta kama kilowati 1.2 ikitulia, usiiwashie jenereta ya chini ya kilowati 3. Ya inveta, inayopanda polepole, huridhika na ndogo zaidi.

Trela iliyotoka Marekani huja na AC ya juu ya paa ya volti 120 na mzunguko wa 60 Hz. Transfoma itashusha volti lakini haitabadilisha 50 Hz yetu. Mota huzunguka taratibu, huvuta zaidi, hupata joto, na breka huanguka ingawa kila kifaa ni kizima. Kwa mashine hiyo usitafute kosa. Badilisha AC yote kwa ya 240V na 50 Hz, na breka zake pamoja.

Baada ya kupona

Kabla fundi hajaondoka, acha AC ifanye kazi dakika 30 mchana, mlango umefungwa. Apime ampea, volti, na joto la hewa inayoingia na kutoka kwenye mashine ya ndani. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Namba hizo ziandikwe kwa kalamu ndani ya mlango wa sanduku la breka, pamoja na tarehe.

Ikiwa kompresa ndiyo iliyokufa kwa kuungua, mpya haifungwi hivi hivi. Mafuta ya zamani yana asidi na masizi; paipu zisafishwe, filta ya kukausha iwekwe mpya, vakyumu ivutwe hadi ishike, na kapasita pia iwe mpya. Fundi anayekwambia atabadilisha kompresa kwa saa mbili bila pampu ya vakyumu, mwache aende.